Mjomba, saa ipi ya leo itagombaniwa kesho?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni baba wa mtoto mmoja, msichana wa miezi saba. Kwa miaka tisa nimekuwa nikiweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya kitu kimoja: saa nzuri ya mkono. Sinywi, sivuti, nguo zangu ni zilezile. Saa ndio ugonjwa wangu. Sasa fedha zimetimia, na badala ya kufurahi nimekosa usingizi.

Sitaki saa ya kuvaa tu, Mjomba. Nataka saa ambayo binti yangu akifika umri wangu, wakusanyaji watakuwa wanaitafuta kwa udi na uvumba. Shemeji yangu anaifahamu biashara hii kuliko mimi, na anasema nisichelewe. Anataka nichukue moja ya zile saa za michezo za chuma ambazo dukani hazipatikani, niinunue kwa mlanguzi hata kama bei imezidi ile ya dukani karibu mara mbili, kwa sababu "hizi hazishuki". Nilipoulizia dukani, muuzaji alitabasamu, akaniandika jina kwenye orodha, kisha akanidokeza kwamba wateja walionunua vitu vingine kwanza hukumbukwa mapema. Akanionyesha saa ya kike yenye vijiwe vya almasi. Mke wangu yeye kasema maneno matatu tu: "Saa ni saa."

Jambo la pili naliandika kwa aibu. Marehemu baba aliniachia saa yake, ya kutia ufunguo. Uso wake ulikuwa mweusi zamani, lakini miaka iliugeuza ukawa kahawia, na vidoto vya kung'aa gizani vikawa na rangi ya samli. Mwezi uliopita niliipeleka kwa fundi, nikamwambia, "Irudishe kama mpya." Akairudisha kama mpya kweli: uso mpya, mishale mipya, kasha limesuguliwa mpaka kona zake zimelainika kama sabuni iliyotumika. Nikamlipa, nikamshukuru. Nilipomwonyesha shemeji alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Ule uso wa zamani uko wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile najiuliza: kama saa niliyokuwa nayo mkononi sikuijua, nitaijuaje iliyo kwenye kabati la kioo?

Nisaidie, Mjomba. Saa gani za siku hizi zitatafutwa kesho? Na ile ya baba, ndiyo imekwisha?

Mshale wa Sekunde

*

Marahaba, Mshale wa Sekunde. Hongera kwa binti.

Umeuliza maswali mawili, lile zito ukaliweka mwisho. Nitaanza na la kwanza kwa sababu lina fedha ndani, na fedha ikishakamilika huwasha mfukoni. La baba tutalifikia.

Shemeji yako ana nusu ya ukweli. Saa za chuma anazozisema zilipanda miaka mingi mfululizo. Patek Philippe, watengeneza saa wa Uswisi, walipositisha Nautilus 5711 mwaka 2021, saa iliyokuwa sokoni tangu 2006, watu waliitafuta kama dawa. Lakini mwanzoni mwa 2022 bei za walanguzi zilifika kileleni, kisha zikaanza kuporomoka, na waliokuwa wamekopa ili wanunue wakabaki na saa nzuri na deni baya. Kwa hiyo ule msemo wa "hizi hazishuki" soko lenyewe limeshaukanusha. Hata hivyo kosa lake kubwa si hilo. Anaitazama foleni ya leo akidhani ndiyo foleni ya kesho.

Chunguza saa zinazotoa watu jasho minadani, utakuta nyingi zilidoda dukani. Rolex walianza kuitoa Daytona mwaka 1963. Baadhi zilikuwa na uso wa rangi mbili na vinamba vya mtindo wa ajabu ajabu, na wateja wa wakati ule waliziona kama mchezo wa watoto. Wauzaji walihangaika kuziondoa kabatini. Moja ya hizo Joanne Woodward alimnunulia mumewe, mwigizaji Paul Newman, aliyekuwa na wazimu wa mashindano ya magari, akachongesha nyuma yake maneno mafupi ya kumsihi aendeshe kwa uangalifu. Oktoba 2017 saa hiyo iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Leo aina ile yote inaitwa kwa jina la yule bwana. Audemars Piguet Royal Oak nayo ilipotoka 1972, kazi ya mchoraji Gérald Genta, watu walishangaa: saa ya chuma, pana milimita 39 wakati saa za heshima zilikuwa ndogo, skrubu nane zinaonekana waziwazi juu, na bado ilikuwa ghali kuliko saa nyingi za dhahabu. Mauzo yalianza kwa kusuasua.

Sababu haina uchawi. Kitu kisichopendwa hutengenezwa kwa uchache. Anayekinunua hukivaa bila huruma, boksi hulitupa, karatasi hufungia chumvi, na uso ukichakaa fundi huweka mwingine (samahani, najua nimekugusa kidonda). Miaka arobaini baadaye, zilizobaki nzima zinahesabika. Kitu kinachopiganiwa siku ya kwanza hupata maisha mengine kabisa: kila aliyekipata anakifunga ndani ya plastiki akisubiri utajiri, na siku utajiri unapotakiwa kufika, wote wanafungua makabati kwa pamoja.

Kama huniamini, waulize waliokusanya Swatch. Saa zile za plastiki zilizaliwa 1983, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 watu walikuwa wakikesha nje ya maduka kusubiri matoleo maalumu, wakiyaweka bila hata kuyavua kwenye pakiti. Chache sana, zile za wasanii zilizotoka kwa idadi ndogo mno, bado zina wateja. Zilizobaki zimejaa kwenye droo za watu, mpya kama siku ya kwanza, na hakuna anayezikimbilia. Machi 2022 sinema ile ilirudiwa: MoonSwatch, saa iliyozaliwa kwa ushirikiano wa Omega na Swatch, ilivuta umati mpaka baadhi ya maduka yakafunga milango siku hiyohiyo. Haikuwa na idadi maalumu. Walanguzi wa asubuhi walicheka. Wa mwezi uliofuata, sijui.

Sasa kuna ugumu mwingine ambao shemeji hakukwambia. Saa za leo hazizeeki vizuri. Namaanisha zimetengenezwa vizuri mno kiasi cha kukataa kuzeeka. Zamani pete ya rangi inayozunguka kioo ilikuwa ya alumini, ikipigwa jua miaka ishirini inafifia: nyekundu inakuwa waridi, nyeusi inakuwa kijivu cha majivu, na hakuna mbili zinazofanana. Tangu 2005 Rolex walianza kuiweka ya kauri, na kauri haifi rangi. Vidoto vya kung'aa gizani vilipakwa madini ya radiamu, baadaye tritiamu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, na dawa hizo zikichoka hupata ile rangi ya samli uliyoieleza. Dawa ya sasa haigeuki namna ile. Uso mweusi uliogeuka kahawia, kama wa baba yako, wakusanyaji wanauita wa kitropiki, na ulitokana na rangi ambayo kiwandani ilihesabiwa kuwa mbovu. Viwanda vya leo vimesharekebisha ubovu huo. Mjukuu wako hatapata uso wa namna hiyo kwenye saa utakayonunua mwaka huu, hata aianike juani maisha yake yote.

Basi saa za kisasa zitatofautishwa na nini? Mimi naangalia mambo ambayo mtu wa kawaida anayapita bila kuyaona.

Angalia Tudor Black Bay ya kwanza, ile ya 2012 yenye pete nyekundu iliyokolea. Nembo yake kwenye uso ni ua la waridi, na mstari wa maandishi juu ya namba sita umepinda kama mtu anayetabasamu. Ndani ina mashine ya kununua kutoka ETA, kiwanda kinachowauzia wengine mashine za saa. Mwaka 2016 wakaibadilisha: ua likaondoka ikaja ngao, tabasamu likanyooka, mashine ikawa yao wenyewe na ni bora. Kiufundi ya pili inaishinda ya kwanza. Lakini ya kwanza ilidumu miaka minne hivi tu, na ndiyo ya kwanza. Mkusanyaji anatafuta tofauti anayoweza kumwonyesha mwenzake kwa ncha ya kidole. Ubora anamwachia mvaaji.

Au Grand Seiko waliyoipa jina la utani Snowflake, iliyotoka 2010. Kasha la titani, jepesi mkononi hadi unasahau kama umevaa, na uso wake una mikwaruzo laini kama theluji iliyopigwa na upepo. Mshale wa sekunde hauruki, unateleza kimya kimya, kwa sababu mashine yake inaendeshwa na springi kama saa za kale lakini kasi yake inashikwa na breki inayoongozwa na fuwele ya kwatsi, ile ya saa za betri. Sasa chukua lenzi: zile za mwanzo zina "Seiko" juu na "Grand Seiko" chini. Mwaka 2017 Grand Seiko ilitengwa ikawa chapa inayojitegemea, na jina "Seiko" likafutwa kwenye uso. Majina mawili au moja, ni hilo tu. Nimeona wakusanyaji wa saa za kale wakigombana kwa kidogo kuliko hicho. Tatizo langu na saa hii ni moja: ndani kuna saketi ya umeme, na siku kiwanda kitakapoacha kutengeneza kipuri chake, fundi wa kawaida hatakuwa na la kufanya. Ikumbuke saa ya dhahabu ya Apple ya 2015, iliyoanzia dola 10,000. Miaka mitatu baadaye ilikuwa haipokei tena programu mpya. Dhahabu ni ileile, ubongo umeaga.

Kwa upande huo Omega Speedmaster yenye mashine namba 1861 inanipa amani zaidi. Mwaka 2021 ilipisha mashine mpya, 3861, kwa hiyo ule ukoo umefungwa. Chukua ile ya kioo cha plastiki: kinakwaruzika, unakisugua kwa dawa kinang'aa tena; ni moja ya saa chache za juzi ambazo bado zinakubali kuzeeka pamoja na mwenyewe. Zilitengenezwa nyingi, kwa hiyo usitarajie miujiza ya bei. Lakini vipuri vimejaa duniani, na mafundi wanaoijua hawatakwisha leo.

Ukinibana kabisa, ukaniambia nichague moja tu, nitasema Rolex Milgauss, ile iliyorudi 2007, hasa yenye kioo cha kijani kibichi na mshale wa sekunde wenye umbo la radi ya rangi ya chungwa. Saa hii ina historia ya kukataliwa mara mbili. Ya kwanza ilitoka 1956 kwa ajili ya wanasayansi na mafundi wanaofanya kazi karibu na sumaku kali, hata watafiti wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Ulaya, waliihusudu, na jina lake linatokana na uwezo wa kuvumilia gausi 1,000, kipimo cha nguvu ya sumaku. Umma haukuitaka, ikasitishwa 1988, na ndiyo maana zile za kale leo hazishikiki. Wakaifufua, na tena haikupata foleni ndefu kama ndugu zake. Watu waliiona kituko. Mwaka 2023 wakaifuta tena kwenye orodha. Kituko, haikupendwa sana, imekoma: mimi dalili hizo nazijua. Nikikosea usije ukanishika shati, miaka hiyo nitakuwa nimeshalala.

Wale mafundi wanaojitegemea, kina Philippe Dufour na saa yake Simplicity iliyotengenezwa takriban mia mbili, au F.P. Journe za mwanzo ambazo mashine yake ilikuwa ya shaba kabla ya kuhamia dhahabu 2004, sitakupotezea muda. Hao wameshatambuliwa, mlango ule kwa watu wenye akiba ya miaka tisa umefungwa.

Neno moja kuhusu binti. Umeniandikia kana kwamba atairithi ili aiuze. Je, akitaka kuivaa? Miaka ya 2000 kila mwanaume alitaka saa kubwa kama kifuniko cha sufuria, sasa mtindo unarudi kwenye udogo. Kuna saa za Cartier zilizotoka kati ya 1998 na 2008 katika mkusanyiko ulioitwa Collection Privée Cartier Paris: nyembamba, za maumbo, zimetengenezwa kwa uchache na mashine za heshima. Kwa muda mrefu wapenda saa za michezo waliziruka. Mkono wa mwanamke au wa mwanaume, zinakaa. Fikiria hilo kabla ya kumnunulia mtoto wa miezi saba saa ya mzamiaji.

Na ile ya almasi uliyoonyeshwa dukani, iache kabatini. Hiyo ni kodi ya kusimama kwenye foleni. Ukiijumlisha na saa unayoitaka utakuta mlanguzi na muuzaji wanauza bei moja, tofauti ni mmoja kavaa tai. Kama fedha hii ni ya ada ya shule ya mtoto, mke wako amemaliza kila kitu kwa maneno yake matatu: saa haitoi riba, na kila baada ya miaka michache inadai fundi. Nunua kwa fedha ambayo ikilala huumii.

Ukinunua iliyotumika, mchunguze muuzaji kabla ya saa. Novemba 2021 Speedmaster ya kale iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga milioni tatu za Uswisi. Mwaka 2023 Omega wenyewe walikiri kwamba imeunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na waliokuwa wafanyakazi wao walihusika. Kama wataalamu wa kiwango hicho walipigwa, mimi na wewe tutulie. Taka kadi ya dhamana, risiti, boksi, na hata vile vipande vya bangili vilivyopunguzwa ili itoshe mkono. Siku ya kuuza, mnunuzi mwenye mkono mnene atavidai. Na kila unapoipeleka kwa fundi, andika kwa kalamu kwenye karatasi ya kupokelea: kasha lisisuguliwe, uso na mishale visibadilishwe, kila kitakachotolewa nirudishiwe.

Sasa ya baba.

Kasha limekwenda. Chuma kilichosuguliwa hakirudi, na yeyote atakayekuahidi kurudisha zile kona anataka kulisugua tena. Lakini uso na mishale ni habari nyingine. Mafundi saa ni watu wa droo. Hawatupi. Uso wa zamani kwao ni kipuri cha mteja ajaye, na mara nyingi hulala kwenye kikopo cha filamu au bahasha ndogo pamoja na skrubu zisizo na wenyewe. Rudi kwake bila hasira, kwa sababu alifanya ulichomwomba. Mwambie unatafuta uso wa kahawia na mishale yake, umweleze saa ilivyokuwa na wiki uliyoileta. Akiupata, ushike kwa kingo, usiufute hata kwa kitambaa laini: vumbi utakalolifuta ndilo rangi yenyewe. Vidoto vile vya samli usivikwangue, na usiuweke mahali binti atakapofika, maana kama saa ni ya kabla ya miaka ya 1970 huenda ni radiamu, na unga wake haufai kuvutwa puani. Uuweke kwenye pakiti iliyofungwa, umpelekee fundi mwingine anayejua kazi ya saa za kale. Uso hushikwa na vijiguu viwili vyembamba kwa nyuma. Vikiwa havijakatwa, kuurudisha ni kazi ya mchana mmoja.

Hukutaja jina la saa, nami sitabahatisha thamani yake. Ila nakushauri uende huko kesho asubuhi kabla ya kwenda kwa muuzaji yeyote, yule fundi asije akapata mteja anayehitaji uso wa kahawia. Saa mpya itangoja.

Mjomba